Vidonge Vyeupe vya Dokta Stambuli

Watu wa Kilakala walimwita Dokta, naye akaitika. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanzia. Stambuli Kondo hakuwa daktari, wala mganga msaidizi, wala hata muuguzi. Alikuwa mtu wa huduma ya kwanza katika kiwanda cha sabuni. Kwa miaka kumi na tisa alifunga vidole vilivyobanwa na mashine, akaosha macho yaliyorukiwa na magadi, akagawa aspirini, na kuamua nani apelekwe hospitali na nani anadeka tu, arudi kazini.

Kisha zikaja zile enzi ambazo kila mali ya umma ilikuwa inatafutiwa mnunuzi. Kiwanda nacho kikapata wa kwake. Mnunuzi akazunguka, akatazama, akauliza kile chumba chenye msalaba mwekundu mlangoni ni cha nini. Mwezi uliofuata Stambuli alikuwa nje na barua yake ya kupunguzwa kazi. Hakukaa kulia. Alihudhuria semina, akapata kibali, akafungua duka la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, kwenye njia ya kupandia mlimani. Ruksa ilikuwa ruksa: kushoto kwake waliuza mitumba, kulia kanda za muziki, na yeye katikati amevaa koti jeupe. Koti lile, jamani, hakuna aliyemlazimisha kulivaa.

Nisimwonee, lakini. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi. Mtu akija kutaka vidonge viwili vya malaria badala ya dozi nzima, alimfukuza kwa maneno makali, na mtu yule alirudi kesho yake akanunua dozi nzima na kusema shikamoo. Tena alikuwa na sheria yake moja aliyotoka nayo kiwandani: dawa kali haishuki peke yake. Mwaka wake wa kwanza kazini, mpakiaji mmoja alibugia aspirini na tumbo tupu siku tatu mfululizo, siku ya nne akatapika damu. Stambuli ndiye aliyemshika kichwa. Tangu hapo, kila aliyepewa dawa ya kuchoma tumbo alipewa kwanza vidonge viwili vyeupe vya magnesiamu, vile vya kutafuna, vyenye ladha ya chokaa na peremende. Kiwanda kizima kilijua, na baadaye Kilakala nzima ikajua. Wateja walikuwa wanamtania kwamba siku moja atawapa magnesiamu ya kushushia magnesiamu.

Sasa aje Mwalimu Scholastika.

Huyu alifundisha shule ya msingi, darasa la nne, hesabu. Mjane, watoto watatu, nyumba yake hatua chache kutoka dukani. Kwao ni Mgeta, kule juu kwenye kabichi na njegere. Alipougua figo, akavimba uso na miguu mpaka viatu havimwingii, wizara ilimpeleka India pamoja na mdogo wake, Dominiko, ambaye alikubali kutoa figo yake moja. Haikuwa rahisi. Mke wa Dominiko, Modesta, alilia wiki nzima. Kwa Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, na Modesta alisema wazi mbele ya watu: mume wangu anakatwa ubavu kwa ajili ya ukoo wake, na hawa wanangu atawalimia nani? Dominiko akamjibu kwamba dada yake wa tumbo moja hawezi kumwacha afe naye ana figo mbili. Wakaenda. Wakarudi wote wawili wazima, mmoja na kovu la kutoa, mwingine na kovu la kupokea.

Mwalimu alirudi na mfuko wa dawa na karatasi za hospitali, kurasa sita, Kiingereza cha kitabibu kitupu. Siku ya pili tu alizileta dukani.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu nyumbani. Umenenepa!"

"Nisomee hizi, Dokta. Kiingereza changu ni cha kufundishia, hiki cha hospitali kinanishinda."

Stambuli akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akifuatisha kwa kidole. Alimweleza vizuri, tena kwa ufundi: mwili una askari wake, na figo hii, hata kama ni ya ndugu, kwao ni mgeni aliyeingia bila hodi. Vidonge hivi vikubwa, asubuhi na jioni, ndivyo vinavyowalaza hao askari. Ukiviacha wanaamka, na wakiamka wanaishambulia figo. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kurasa nne zilizobaki alizipindua moja moja, maneno yakazidi kuwa marefu, na foleni ya wateja ilikuwa inamtazama. Akazikunja.

"Haya mengine ni yale yale," alisema. "Niachie nikutunzie hapa dukani."

Mwezi haukuisha, Mwalimu akarudi ameshika kifua. Kiungulia, kichefuchefu, chakula kinampanda kooni. Vile vidonge vikubwa vilikuwa vinamchoma. Na hapo ndugu zangu Stambuli alijiona yuko nyumbani kabisa, maana hili alilijua tangu kiwandani. Akampa pakiti ya vyeupe.

"Tafuna viwili, kisha meza vya figo hapo hapo. Asubuhi viwili, jioni viwili. Dawa kali haishuki peke yake, Mwalimu."

Kiungulia kikakoma. Mwalimu akamwombea baraka kwa Mungu, akarudi darasani. Stambuli kichwa kikavimba. Alikuwa na mgonjwa wa figo ya India! Wateja wakija kununua dawa ya mafua alikuwa anawasimulia habari za askari wa mwili hata kama hawakuuliza.

Miezi sita ikapita hivyo. Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, kipimo cha damu cha Mwalimu huko Dar, ambako alikwenda kila mwezi, kikapanda. Wa tano kikapanda zaidi. Figo ilikuwa inachoka. Daktari wake akamuuliza kama anameza dawa zote. Akasema anameza. Akamuuliza tena, kwa sauti ile ya mtu asiyeamini. Akasema, "Daktari, naapa, nameza."

Habari ikapanda Mgeta haraka kuliko gari la njegere. Dominiko akateremka. Alikuwa amekonda kidogo tangu upasuaji, na mzigo aliokuwa anaubeba kichwani zamani sasa alimpakia punda. Hakwenda kwa dada yake. Alikuja dukani kwanza.

"Dokta, wewe unamwona kila siku. Niambie ukweli kama mwanamume kwa mwanamume. Dada anameza, au anaziacha?"

Stambuli alikuwa hajui, kweli. Siku ile moyo wake ulikuwa safi. Lakini alipenda kujibu kama mtu anayejua, na hilo ndilo lililomponza. Akavua miwani, akaifuta.

"Dominiko, mimi nisemeje? Dawa hizi ninazijua. Mtu anayezimeza hazimwangushi."

Basi. Hakusema zaidi, na hakuhitaji. Neno lile likapanda mlima na kufika kwa Mjomba Anselmi, mkubwa wa ukoo, na kwa Modesta ambaye alikuwa analingojea. Dokta amesema. Mwalimu anatupa dawa. Wengine wakasema amezichoka, wengine wakasema ameanza maombi ya yule mhubiri wa uwanjani anayekataza dawa. Maskini Scholastika, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, aliyekuwa akipita mbali na uwanja ule! Dominiko akaacha kusema naye. Alipopita Kilakala na kabichi zake alishusha kwa majirani, mlango wa dada yake akaupita.

Kwa hiyo elewa vitu viwili vilivyokuwa vinakwisha pamoja. Cha kwanza figo. Cha pili jina la mwanamke yule kwa ndugu zake, na kwa mdogo wake aliyejikata mwili kwa ajili yake.

Ukoo ukaagiza: safari ijayo ya Dar, Dokta afuatane naye, akasikie kwa masikio yake. Stambuli akafunga duka, akapiga pasi suruali, akaenda.

Daktari wa Dar alikuwa mwanamke kijana, Daktari Irene, mwenye kusema haraka. Mwalimu alipoitwa chumba cha pili kutolewa damu, akabaki na Stambuli.

"Wewe ndiye Dokta Stambuli? Mwalimu anakutaja sana. Nafurahi kupata mwenzangu huko Morogoro." Akamvutia kiti. Mwenzangu! Stambuli akakaa, mgongo wima. "Nisaidie, dokta. Mimi napenda kumwamini huyu mama, lakini figo inasema vingine. Ama hamezi, ama kuna kitu kinaizuia dawa isiingie kwenye damu. Unajua mwenyewe zile za kiungulia, nyeupe za kutafuna. Mtu akizila pamoja na hii ya figo, zinaing'ang'ania huko huko tumboni, anaitoa kama alivyoimeza. Anakuwa amemeza na hajameza. Nilimuuliza kama ana dawa nyingine yoyote anayotumia, akasema hapana. Hatumii za kiungulia, eti?"

Hapo kiti kilimwakia moto. Alielewa yote kwa mara moja. Aliona pia kwa nini Mwalimu alisema hapana: kwake vile vyeupe havikuwa dawa, ni vitu vya dukani vya kutuliza tumbo, vya Dokta. Ilikuwa kusema neno moja tu. Mimi ndiye ninayempa. Maneno matatu! Lakini binti huyu aliyesoma alikuwa amemwita mwenzake, na alikuwa anamtazama kwa heshima, na Stambuli akaona atakavyobadilika macho, atakavyouliza umesomea wapi, dokta.

"Hatumii," alisema.

"Basi hamezi," alisema Daktari Irene, akavuta faili, akaandika.

Mwalimu alichomwa sindano siku tatu za kuituliza figo. Akaambiwa kwa upole, lakini akaambiwa, kwamba figo siyo nguo, haibadilishwi kila mwaka.

Waliporudi, Stambuli alifungua mtoto wa meza dukani, akatoa zile kurasa sita. Ukurasa wa tano. Ilikuwa imeandikwa pale, tena imepigiwa mstari na mtu wa India aliyejua kazi yake: dawa za kupunguza asidi zisimezwe pamoja na hii. Neno moja tu hakulijua, akalitafuta kwenye kamusi. Alitamani ardhi ipasuke. Akaketi nyuma ya kaunta na koti lake jeupe, mtu akaja kuulizia panado, akamwambia hakuna, na panado zilikuwa mbele yao wote wawili.

Sasa mtu mwingine angesema: hapa atakwenda kwa Mwalimu, atasema. Lo, ungekuwa hujamjua. Alikwenda kweli kwa Mwalimu. Akasimama mlangoni.

"Mwalimu, vile vyeupe vimeadimika. Tuviache kwanza. Ulale umeinua kichwa, ule kidogo kidogo, pilipili usiguse."

"Kitanichoma, Dokta."

"Vumilia."

Mwalimu akavumilia. Ndivyo alivyoponywa: kwa uongo wa vidonge kuadimika, na makopo manne yamejaa kwenye kabati la Stambuli.

Halafu ukoo ukaongeza jambo, na hili ndilo lililomvunja mtu wetu mifupa. Mjomba Anselmi akatuma neno: kuanzia sasa Scholastika atameza dawa mbele ya macho ya Dokta, asubuhi na jioni, na Dokta atatia alama kwenye daftari. Kama mtoto. Kama mwizi anayeripoti polisi.

Mwalimu hakukataa. Alikuja asubuhi kabla ya shule, na kitambaa kichwani, na kikombe chake cha maji. Alimsalimia. Alitoa vidonge, akavionyesha kiganjani, akameza. Kisha, bila kuambiwa, siku ya kwanza ile, akaachama mdomo na kuinua ulimi ili Dokta aone kwamba hakuficha chochote.

"Usifanye hivyo, Mwalimu," alisema Stambuli, akatazama pembeni.

"Acha, Dokta. Bora uone. Usije ukaulizwa ukakosa la kusema."

Na wateja wamesimama pale, wazazi wa wanafunzi wake. Mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, ameachama. Stambuli akatia alama. Jioni akatia nyingine. Kila siku alijiambia kesho, kila siku akatia alama. Chakula kikaanza kumshinda. Mke wake Mwanvita, mwanamke mcheshi aliyezoea kumwita "mganga mkuu wangu" kwa utani, akamwuliza anaumwa nini. Akamjibu kiungulia. Mwanvita akacheka: si una kabati zima la dawa? Stambuli akatoka nje akakaa kibarazani, hakurudi mpaka chai imepoa.

Kipimo cha mwezi wa saba kikashuka. Cha nane kikashuka tena, kikasimama. Hakikurudi kilipokuwa. Daktari alisema sehemu ya figo imekufa na haitaamka, lakini iliyobaki itamtosha akiitunza. Ilikuwa habari njema. Kilakala wakashangilia.

Lakini tazama ubaya wa jambo hili ulivyo. Kupona kwake kukawa ndio ushahidi! Si mnaona? Alipokuwa peke yake figo ilikuwa inaharibika, alipoanza kusimamiwa ikapona. Kwa hiyo alikuwa hamezi. Modesta akasema hata mahakama isingehitaji zaidi. Wale wachache waliokuwa wanamtetea Mwalimu wakanyamaza, na mmoja wao akamwomba radhi Modesta. Kwa uongo wake Stambuli alikuwa ameiokoa figo, au kiasi chake, na kwa kunyamaza kwake akamzika mwenye figo.

Mwalimu mwenyewe akaanza kubadilika. Siku moja, baada ya kumeza, hakuondoka.

"Dokta, mtu anaweza kusahau jambo huku anaamini amelifanya?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimemwomba mwalimu mkuu anipumzishe darasa la nne. Nikiwa ubaoni naogopa. Kama nilisahau dawa ya uhai wangu miezi minane na nikaapa nimemeza, je, ni mangapi ninayowaambia wale watoto siyo?"

Stambuli alifungua kinywa. Mtu akaingia kuulizia dawa ya minyoo, naye akamhudumia. Aliposhika tena kaunta, Mwalimu alikuwa ameshakwenda. Aibu yake siku ile, alisema baadaye, ilikuwa na uzito wa kushikika, kama mtu aliyebebeshwa gunia na hajui alitue wapi.

Mwezi wa tisa ukoo ukamwalika Mgeta, Jumapili baada ya misa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matuta ya kabichi. Walimkalisha kwenye kiti cha mikono, yeye peke yake, wengine wakiwa kwenye mikeka na vigoda. Walimpikia njegere na viazi, na kwa kuwa yeye ni Mwislamu walimpa jogoo akiwa hai, mwekundu, mkia mweusi, akachinje mwenyewe kwake. Jogoo akafungwa kamba kwenye mguu wa kiti. Mjomba Anselmi, mzee mfupi mwenye ulimi mkali, akasema, "Dokta, ukoo huu hauna cha kukulipa. Ulimsimamia mtu wetu aliposhindwa kujisimamia. Sasa Scholastika, una neno na mdogo wako."

Mwalimu Scholastika akasimama, akatembea mpaka mbele ya Dominiko, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa. Kitenge chake kizuri kikaingia matope.

"Dominiko. Mimi nilisema nilimeza, na nilikuwa naamini nilimeza. Lakini daktari amesema, na Dokta amesema, na kipimo kimesema. Basi huenda akili yangu ilinidanganya. Uliutoa mwili wako na mimi sikuutunza. Nisamehe, mdogo wangu."

Dominiko alikuwa analia. Modesta naye, hata yeye, alishusha macho. Watu wakasema maskini, amekiri, Mungu ni mwema. Na mjomba akamgeukia mgeni: "Dokta, useme nawe neno."

Stambuli akasimama.

"Ndugu zangu," alianza, "tiba za kisasa zina mambo yake. Dawa na dawa wakati mwingine huwa zinapingana, na mtaalamu anaweza, katika mazingira fulani…"

"Sema tukuelewe, Dokta," alisema Mjomba Anselmi. "Sisi ni watu wa jembe."

Stambuli akamtazama Mwalimu aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Alimeza," alisema. "Alimeza zote. Hakukosa hata siku moja. Mimi ndiye nilimpa vidonge vya kiungulia, nikamwambia ale pamoja na vya figo, na vile vyangu ndivyo vilivyoizuia dawa. Miezi minane. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi zake, alinipa nisome, sikusoma. Daktari wa Dar akaniambia, nikajua, nikamwambia hatumii. Halafu nikamtia alama kwenye daftari kila siku, huku najua. Hana kosa. Kosa ni langu lote."

Jogoo akajikung'uta. Dominiko ndiye aliyeuliza kwanza, kwa sauti ndogo:

"Ulijua mwezi wa ngapi?"

"Wa sita."

"Huu ni wa tisa."

"Ndiyo."

Mwalimu akainuka mwenyewe. Mtu alinyoosha mkono kumsaidia, hakuushika. Akakung'uta matope magotini, taratibu, kama ana kazi hiyo tu duniani. Kisha akamjia Stambuli mpaka wakawa uso kwa uso.

"Siku ile Dar, daktari alipokwambia, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unatolewa damu."

"Nilipotoka ulinikuta kwenye benchi nalia. Ukaninunulia soda."

Hilo la soda sikulitaja huko nyuma, kwa sababu Stambuli mwenyewe, katika kusimulia kwake, hulipita haraka.

"Ndiyo," alisema.

"Nikakushukuru."

"Ulinishukuru, Mwalimu."

"Nilisema nini?"

Stambuli akamtazama jogoo. "Ulisema… ulisema afadhali nina wewe unayeniamini."

Machozi yalimtoka mzee yule mbele ya watu, na hakuyafuta. Dominiko akawa ameshafika, anamshika dada yake bega, "Dada, dada yangu, mimi…" Mwalimu akautoa mkono ule, si kwa ukali.

"Na wewe ngoja, Dominiko. Ninyi nyote ngojeni. Nitawasikiliza mmoja mmoja, lakini siyo leo. Leo nimechoka." Akamtazama Mjomba Anselmi. "Nilipiga magoti kwa kosa ambalo sikulifanya, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema inuka."

Mjomba Anselmi, mwenye ulimi wake, akasogeza kigoda chake nyuma.

Stambuli akainama, akaanza kufungua kamba ya jogoo ili amrudishe. Fundo lilikuwa limekaza. Mwalimu akainama naye, akaifungua kamba, akamshika jogoo vizuri kwa mbawa, akamweka mikononi mwake.

"Chukua. Ulipewa kwa sababu ya kuniponya. Nenda naye hivyo hivyo."

"Mwalimu, siwezi."

"Kwetu kitu kilichotolewa hakirudishwi," alisema, akaingia ndani.

Stambuli akateremka kwa miguu, maana hakuthubutu kungoja gari pamoja nao. Njia ile imejaa watu siku ya Jumapili, na kote walikuwa wamesikia kwamba ukoo unamtunza Dokta. Hongera, Dokta! Jogoo mzuri huyo! Wa kwanza alimjibu asante. Wa pili akamjibu asante, akaongeza mwendo. Kwenye kona ya kijito alikuwa ameketi mama mmoja muuza njegere, Chausiku, ambaye mtoto wake alifundishwa hesabu na Scholastika mpaka akafaulu.

"Dokta! Mungu akulipe. Umemponya mwalimu wetu, maana yeye mwenyewe, tumesikia, dawa alikuwa anatupa."

Stambuli akasimama. Jogoo alikuwa anampiga mbawa kifuani.

"Hakutupa," alisema. "Mimi ndiye niliyemharibia figo."

Mama Chausiku akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akauona uso wake, akaacha. Watu wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Akawaambia wote watatu, tangu mwanzo, na walipomwuliza huyu jogoo basi ni wa nini, akawajibu kwamba walimpa kabla hajasema.